JOHN NEWTON: NAHODHA WA MELI YA WATUMWA ALIYEJIFUNZA WIMBO MPYA



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki utasoma historia ya kwaya yetu kwa miaka 50: walioianzisha, waliotutangulia mbele za haki, na safari ndefu ambayo Mungu ametuvusha. Kamati ya yubilei iliona vema pia tumkumbuke mtunzi mmoja wa nyimbo ambaye hatujawahi kumwona, lakini ambaye tumeimba naye tangu siku ya kwanza. Ni vigumu kuhesabu mazishi, harusi na mikutano ambayo kwaya hii imeimba Neema ya Ajabu. Tunaijua kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Wengine wetu tunaiimba jikoni bila hata kufikiri.

Lakini wengi tunaujua wimbo kuliko tunavyomjua mtu aliyeutunga. Na hata wanaomjua husimulia habari zake kwa kifupi mno. Husema alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba kali ikampata baharini, akaokoka usiku huo huo, akawafungulia watumwa minyororo, akakaa chini akaandika wimbo. Hadithi hiyo ni tamu, na imehubiriwa sana, ila haikutokea hivyo. Habari za kweli ni chungu zaidi. Tumezichagua kwa sababu ndizo zenye mafunzo kwetu.

Mwana wa maombi ya mama

John Newton alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1725, katika mtaa wa Wapping ulio kando ya mto na bandari. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali, ambaye hakuwa nyumbani siku nyingi. Aliyemlea mtoto ni mama yake, Elizabeth. Mama huyo alikuwa dhaifu wa mwili lakini imara katika imani. Alimfundisha mwanawe kusoma angali mdogo sana, akamkaririsha Maandiko, katekisimu na nyimbo za watoto za Isaac Watts. Tamanio lake kubwa lilikuwa kwamba siku moja John awe mhubiri wa Injili.

Hakuishi kuliona. Kifua kikuu kilimchukua mwaka 1732, siku chache kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Baba alioa tena, na John akapelekwa shule ya bweni kwa muda mfupi. Alipofika miaka 11 baba yake alimchukua baharini, na ukawa mwisho wa masomo yake. Mbegu ya mama ilikuwa imepandwa, lakini ilikaa ardhini miaka mingi bila kuota.

Kijana mwenye ulimi mchafu

Newton alikua akawa kijana mwerevu, mpenda vitabu, na mkaidi. Alisoma maandishi ya wanafalsafa wa wakati ule waliofundisha kwamba mtu anaweza kuwa mwema bila Kristo, akayameza yote. Akaacha imani, kisha akaanza kuwavuta wengine waiache pia.

Mwaka 1742, akiwa na miaka 17, alikwenda kuwatembelea rafiki za marehemu mama yake katika jimbo la Kent. Huko alimwona binti yao Mary Catlett, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 14. Moyo wake ukanasa. Alikaa kwao muda mrefu kupita alivyoruhusiwa, hata meli iliyokuwa impeleke kazini Jamaica ikaondoka bila yeye. Upendo huo haukumtoka kamwe, lakini haukuweza kumbadilisha tabia.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika jeshi la majini, kama walivyofanyiwa vijana wengi siku hizo, akawekwa kwenye meli ya vita iliyoitwa Harwich. Kwa heshima ya baba yake alipandishwa cheo kidogo. Siku moja alitumwa pwani pamoja na mabaharia ili ahakikishe hakuna anayetoroka. Aliyetoroka ni yeye. Alikamatwa, akafungwa pingu, akavuliwa nguo na kuchapwa viboko mbele ya wenzake, akateremshwa cheo hadi baharia wa kawaida. Uchungu ulimjaa hata akafikiria kumuua nahodha wake na kujitupa baharini.

Mwaka 1745 alihamishiwa meli ya biashara iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi. Huko nako hakuwa na adabu. Mabaharia si watu wa kushtuka upesi kwa matusi, lakini wake uliwashtua, kwa maana hakutosheka na matusi ya kawaida, alibuni mapya. Na hapa waimbaji tusikie vizuri: alitunga wimbo wa kumdhihaki nahodha, akaufundisha mabaharia wote, wakauimba. Kipawa cha kutunga alikuwa nacho tangu ujana. Kilichokuwa hakijapatikana ni moyo wa kukitumia.

Njaa katika Visiwa vya Plantain

Aliposhuka pwani ya Afrika, karibu na Sierra Leone, alijiunga na mfanyabiashara Mzungu aliyenunua na kuuza watumwa katika Visiwa vya Plantain. Newton alitumaini kutajirika. Badala yake aliugua homa. Mfanyabiashara alisafiri akamwacha mikononi mwa mwanamke Mwafrika aliyekuwa mke wake pale, mtu mwenye nguvu katika sehemu ile, ambaye hakumpenda hata kidogo. Newton alilala juu ya mkeka, kichwa juu ya gogo, akinyimwa hata maji ya kunywa. Usiku alitambaa shambani akang'oa mizizi na kuila mbichi.

Waliomhurumia ni watumwa. Watu waliofungwa minyororo, wakingoja kuuzwa ng'ambo, walichukua sehemu ya chakula chao kidogo na kumpelekea kwa siri. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Bwana wake aliporudi, Newton alisingiziwa wizi, naye akawekwa katika hali isiyotofautiana sana na ya mtumwa. Siku moja alikuwa akipanda miche ya ndimu. Bwana yule alipita akamcheka, akamwambia kwamba huenda siku miti hiyo itakapozaa, Newton atakuwa amerudi kutoka Uingereza akiwa nahodha, aje ayachume matunda yake. Ilikuwa dhihaka tu. Miaka michache baadaye ikatimia.

Usiku wa dhoruba

Baba yake aliposikia taabu za mwanawe alimwomba rafiki yake Joseph Manesty, mwenye meli huko Liverpool, amtafute. Mwaka 1747 meli iliyoitwa Greyhound ilimpata. Kufikia hapo Newton alikuwa amehamia kwa bwana mwingine aliyemtendea vizuri, na hakuwa na hamu ya kurudi. Ilibidi nahodha wa Greyhound amdanganye kwamba kuna urithi mkubwa unamngoja. Alipanda melini akiwa abiria, na njiani alikufuru kiasi kwamba nahodha aliona huenda amembeba Yona.

Meli ilikuwa imebeba dhahabu, pembe, nta na miti ya rangi. Usiku mmoja wa Machi 1748, katika Atlantiki ya Kaskazini, Newton aliamshwa na kishindo. Maji yalikuwa yameingia hadi chumbani alimolala. Alipokuwa akipanda ngazi, nahodha alimwagiza arudi akalete kisu. Mwenzake aliyepanda badala yake alisombwa na wimbi saa hiyo hiyo.

Ubavu wa meli ulikuwa umevunjwa upande mmoja. Walipampu maji kuanzia usiku wa manane hadi karibu adhuhuri, Newton akiwa amefungwa kwa kamba asisombwe. Waliziba nyufa kwa nguo zao na matandiko. Ni ile nta na miti, vitu vyepesi kuliko maji, vilivyosaidia meli isizame. Katika kazi ile Newton alijikuta ametamka maneno ya kuomba rehema ya Bwana, kisha akashangaa. Alijiuliza rehema gani inaweza kumfikia mtu kama yeye. Alipochoka kupampu alipewa usukani, akaushika hadi usiku, na saa zote hizo alikuwa akikumbuka mafungu aliyofundishwa na mama yake.

Walikaa baharini karibu wiki nne zaidi, chakula kikiwa kimekaribia kwisha kabisa, matanga yakiwa yameraruka, hata wakatia nanga pwani ya Ireland. Newton alishuka akiwa mtu anayeomba. Matusi yalikuwa yamekoma, na hayakurudi. Siku ile ya Machi, ambayo kwa kalenda yetu ya leo ni tarehe 21, aliiadhimisha kila mwaka kwa maombi hadi uzeeni.

Ameokoka, lakini bado ni nahodha

Ndugu mpendwa, hapa ndipo wahubiri wengi hufunga kitabu. Sisi tutaendelea kusoma.

Mwaka huo huo wa 1748 Newton alirudi Afrika akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa iliyoitwa Brownlow. Imani yake ilikuwa changa, na haukupita muda akarudia dhambi nyingi za zamani. Homa kali ilimwangusha katika visiwa vile vile vya Plantain. Akiwa dhaifu, alijikongoja hadi mahali pa faragha akajikabidhi kwa Mungu upya. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba katika siku za dhoruba hakuwa bado mwamini kwa maana kamili. Alikuwa ameanza tu kuamka.

Mwaka 1750 alimwoa Mary wake. Kisha kuanzia mwaka huo hadi 1754 akawa nahodha katika safari tatu za watumwa, ya kwanza kwa meli ya Duke of Argyle, na mbili kwa meli iliyoitwa African. Alikuwa nahodha Mkristo. Hakutukana, hakulewa, alimwandikia mkewe barua za upendo, alisoma Biblia kila siku, na Jumapili aliwakusanya mabaharia mara mbili kwa ibada.

Na chini ya mbao walizopigia magoti, katika ngama ya meli, walilala wanaume, wanawake na watoto waliofungwa minyororo wawili wawili, wamepangwa ubavu kwa ubavu kama vitabu kwenye rafu, kwa joto na uvundo. Wengi walikufa njiani wakatupwa baharini. Walipojaribu kuasi, nahodha Newton aliagiza wafungwe na kubanwa vidole kwa vyuma mpaka wakiri. Katika watu aliowafanyia hivyo walikuwamo vijana wadogo. Aliyaandika yote katika daftari lake la safari bila kusitasita, kama mtu anavyoandika hesabu ya magunia.

Huyu ndiye mtu ambaye watumwa walimlisha alipokuwa akifa njaa.

Tunauliza: alikuwa mnafiki? Hatudhani hivyo. Mnafiki anajua moja na kutenda jingine. Newton hakuona. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria, wakubwa waliiheshimu, wachungaji waliinyamazia. Aliomba Mungu amtolee kazi yenye adabu zaidi, kwa kuwa alichoka kuwa kama askari jela, lakini hakujua bado kwamba anaomba aokolewe na dhambi. Nuru ilikuwa imeingia sebuleni. Ngama ilikuwa bado giza.

Mwezi Novemba 1754, siku mbili kabla ya safari nyingine, alianguka ghafla akapoteza fahamu. Madaktari wakamkataza kusafiri. Hakurudi baharini tena.

Kasisi wa Olney

Mwaka 1755 alipata kazi ya ukaguzi wa forodha katika bandari ya Liverpool. Jioni alijifundisha Kigiriki na Kiebrania ili asome Maandiko katika lugha zake. Alisikiliza mahubiri ya George Whitefield na kuzungumza na John Wesley. Mwaka 1758 aliomba daraja la ukasisi, akakataliwa. Alingoja miaka sita. Mwaka 1764 alipakwa mafuta ya utumishi, akapelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliofuma lesi kwa mikono tangu alfajiri hadi macho yaume. Tamanio la mama likatimia miaka 32 baada ya kifo chake.

Katika Olney ndipo tunaona neema ikishuka kutoka mdomoni hadi mikononi na miguuni. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa amevaa koti lake kuukuu la baharia. Aliketi na wafumaji wakiwa kazini. Aliwakusanya watoto akawafundisha habari za Biblia kwa lugha waliyoielewa. Tajiri mmoja mcha Mungu, John Thornton, alimpa pauni 200 kila mwaka ili asaidie maskini na kukaribisha wageni, na fedha hizo ziliishia huko kweli. Kanisa lilijaa hata ikabidi waongeze roshani ya kukalia.

Mwaka 1767 alihamia Olney mshairi William Cowper, mtu mwenye kipawa kikubwa na ugonjwa mzito wa huzuni. Newton hakumhubiria ajikaze. Alitembea naye, akafanya kazi naye, na Cowper alipozidiwa mwaka 1773 hata akajaribu kujiua, alimchukua nyumbani kwake. Mgonjwa yule alikaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Newton na Mary walimvumilia usiku na mchana.

Wawili hao walitunga nyimbo kwa ajili ya mkutano wa maombi wa katikati ya juma. Hawakuwa wakitafuta sifa. Newton alitaka tu mafundi wa lesi wapate maneno mepesi ya kushika somo. Wimbo wa Neema ya Ajabu ulitungwa kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1773, kufuatana na somo la 1 Mambo ya Nyakati 17, mahali Daudi anapoketi mbele za Bwana akistaajabu jinsi Mungu alivyomtoa mbali. Mwaka 1779 nyimbo zao 348 zilichapishwa katika kitabu kimoja. Karibu 280 ni za Newton.

Wapenzi wa muziki watapenda kujua jambo moja. Sauti tunayoiimbia Neema ya Ajabu leo Newton hakuisikia kamwe. Iliunganishwa na maneno yake huko Marekani mwaka 1835, miaka 28 baada ya yeye kufa. Yeye alitoa alichokuwa nacho akawaachia wengine wamalizie.

Jirani aliyemdhihaki

Karibu na Olney palikuwa na kasisi kijana aitwaye Thomas Scott, msomi aliyeona mahubiri ya Newton ni upuuzi. Alitafuta mabishano naye, akamwandikia barua nyingi za kumchokoza. Newton alijibu kwa upole, akakataa kugombana.

Mapema mwaka 1774, mume na mke katika eneo la Scott waliugua mahututi. Scott hakwenda kuwaona. Kisha akasikia kwamba Newton alikuwa ametembea kutoka Olney kuja kuwatazama, na si mara moja. Jambo hilo lilimchoma Scott kuliko hoja yoyote. Alitambua kwamba mtu aliyemcheka kwa mafundisho yake alikuwa mchungaji kuliko yeye. Akaanza kwenda kuwatembelea wagonjwa, akaanza kusoma Maandiko kwa unyenyekevu, na baada ya miaka michache akawa mwamini mwenye bidii kama Newton mwenyewe.

Thomas Scott huyo, mwaka 1799, ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama cha CMS. Chama hicho kilizaliwa katika mzunguko wa makasisi wa London ambao Newton alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Na wazee wetu wanajua yaliyofuata: mwaka 1844 CMS ilimleta Ludwig Krapf Mombasa, ambako alimzika mkewe na mtoto wao mchanga muda mfupi tu baada ya kufika; na mwaka 1875 chama hicho hicho kilianzisha Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa, ambacho kengele yake imeipa Kengeleni jina hadi leo. Hatusemi ni Newton aliyeyafanya hayo. Tunasema hakuna ajuaye hatua za miguu kwenda kumwona mgonjwa zitafika wapi.

Kukiri mbele ya watu

Mwaka 1780 Newton alianza utumishi katika kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya London. Desemba 1785 mbunge kijana aitwaye William Wilberforce alimjia kwa siri. Alikuwa ameokoka karibuni, akidhani lazima aache siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki Bungeni. Wilberforce alibaki, akaanza vita vya kukomesha biashara ya watumwa.

Katika vita hivyo alihitajika shahidi. Watetezi wa biashara ile walisema watumwa husafiri kwa raha. Nani angewajibu? Mtu aliyekuwa ameshika funguo za pingu.

Mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Wakati huo alikuwa na miaka 62, mchungaji anayeheshimiwa kote Uingereza. Angeweza kunyamaza akalinda jina lake. Badala yake alieleza yote: nafasi waliyolazwa watu, vyuma, viboko, wanawake walivyodhalilishwa, maiti zilizotupwa. Na hakusema ni wengine. Alisema alikuwamo, kwamba kukiri kwake kumechelewa mno, na kwamba kumbukumbu hiyo itamtia aibu siku zote. Kijitabu kilifikishwa kwa wabunge. Kisha alisimama mbele ya kamati za serikali na Bunge akatoa ushahidi kwa mdomo wake.

Tunaamini hapo ndipo neema ilipofika ngamani. Ilichukua miaka 40 tangu dhoruba.

Jioni yake

Desemba 1790 Mary alifariki kwa saratani. Newton, ambaye siku zote aliogopa kwamba angevunjika kabisa siku hiyo ikifika, alipanda mimbari akamhubiria mkewe mazishini. Betsy, mpwa wa Mary waliyemlea kama binti yao, ndiye aliyemtunza. Lakini mwaka 1801 Betsy aliugua akili akalazwa hospitalini. Mzee yule, macho yakiwa yamefifia, alikwenda kila siku kusimama nje chini ya dirisha lake, ili binti ajue hajaachwa. Alipona, akarudi nyumbani.

Newton aliendelea kuhubiri akiwa karibu kipofu, kumbukumbu ikimponyoka. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Uingereza ilitiwa sahihi. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo alilala katika Bwana, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe. Hayakutaja nyimbo wala vitabu vyake. Yalisema alikuwa mkafiri na mtumwa wa watumwa, na kwamba kwa rehema za Kristo alisamehewa akawekwa kuihubiri imani aliyoipiga vita.

Sisi tunaoimba

Wapendwa, miaka 50 si kidogo. Katika miaka hiyo tumeshona sare nyingi, tumeshinda mashindano na kushindwa, tumegombana kuhusu nani aongoze wimbo na nani alikula fedha za usafiri, tukasameheana, tukaimba tena. Maisha ya Newton yanatuuliza swali ambalo yubilei isiyokuwa na swali hilo ni keki na picha tu.

Newton aliacha matusi mara moja. Kuacha kutukana ni rahisi kuliko kuacha biashara inayolisha. Sisi pia tulipookoka tuliacha yaliyoonekana: pombe, ngoma za usiku, lugha chafu. Je, ngama yetu iko wapi? Pengine tunafanya ushirika wa Jumatano sebuleni, tukiinua mikono, huku dada anayetufulia na kutulelea watoto yuko jikoni hajalipwa mwezi wa pili. Pengine tunaimba sauti ya kwanza Jumapili, na Jumatatu ofisini mwananchi haoni faili lake mpaka atoe kitu kidogo. Pengine kuna ndugu tuliyemdhulumu shamba, na sheria iko upande wetu, na kila mtu anatuheshimu. Newton naye sheria ilikuwa upande wake.

Lakini asivunjike moyo mtu. Mungu hakumwacha Newton kwa kuwa alichelewa. Alimvumilia, akamfunulia kidogo kidogo, na alipoona, Newton hakujitetea. Hiyo ndiyo alama ya moyo uliobadilishwa: mtu anaweza kusema kosa lake kwa jina, mbele ya wale ambao maneno yake yatawafaa.

Katika Walawi 25, mwaka wa 50 tarumbeta ilipigwa katika nchi yote, na sauti yake haikuwa ya kujisifu. Ilitangaza kwamba waliouzwa waachiliwe na mashamba yaliyopotea yarudi kwa wenyewe. Yubilei ilianza kwa wimbo ikaishia kwa minyororo kufunguliwa. Tunapoimba Neema ya Ajabu leo alasiri, kila mmoja wetu na akumbuke nyumbani kwake kuna nani anayengoja tarumbeta hiyo imfikie.

Bwana atujalie uimbaji wetu na mwenendo wetu viwe sauti moja. Amina.